Ali alipotumwa Nairobi: Jinsi siasa za Marekani zilivyowafungia mabondia wa Kenya mlango wa Moscow

MAPEMA Februari 1980, ndege ya serikali ya Marekani ilitua Nairobi ikiwa na abiria ambaye hakuhitaji kutambulishwa katika mitaa ya Eastlands. Kuanzia Pumwani hadi Kaloleni, na Muthurwa hadi Jericho, kila kijana aliyewahi kufunga kitambaa mkononi na kupiga gunia la mchanga alilijua jina la Muhammad Ali.

Hata hivyo, bingwa huyo hakuja kupigana wala kuwafunza vijana ndondi. Alikuwa ametumwa na Rais wa Marekani wakati huo, Jimmy Carter, kuziomba serikali za Afrika zisiwapeleke wanamichezo wao Moscow, ambako Michezo ya Olimpiki ilikuwa ifunguliwe Julai 19 mwaka huo.

Mjini Nairobi ombi hilo lilikubaliwa. Kwa hakika lilikuwa limekubaliwa hata kabla ya mjumbe kufika, kwani serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa tayari imetangaza kuiunga mkono Marekani. Kenya haikwenda Moscow.

Zaidi ya miongo minne baadaye, ziara hiyo hukumbukwa zaidi kama kioja cha mwanandondi aliyevikwa joho la ubalozi. Lakini ndani yake mna maswali mawili mazito. Kwa nini Kenya ilikubali upesi jambo ambalo jirani yake, Tanzania, ililikataa katakata? Na ni nani hasa aliyelipa gharama ya uamuzi huo?

CHANZO CHA MZOZO

Mwishoni mwa Desemba 1979, majeshi ya Muungano wa Kisovieti yaliingia Afghanistan. Carter, ambaye tayari alikuwa akisumbuliwa na suala la Wamarekani waliotekwa katika ubalozi wao mjini Tehran tangu Novemba, alitafuta namna ya kuiadhibu Moscow bila kuingia vitani.

Mojawapo ya silaha alizozipata ilikuwa Olimpiki. Januari 20, 1980, aliwapa Wasovieti muda wa mwezi mmoja kuondoka Afghanistan, la sivyo Marekani ingesusia michezo hiyo na kuyahimiza mataifa mengine yafanye vivyo hivyo.

Palikuwa na tatizo moja. Iwapo Marekani na marafiki wake wa Ulaya pekee ndio wangebaki nyumbani, susio hilo lingeonekana kuwa ugomvi wa wakubwa wawili tu. Ili lipate uzito, lilihitaji sura za Afrika na Asia. Hapo ndipo wazo la kumtuma Ali lilipozaliwa.

Kwa maafisa wa Washington, hesabu hiyo ilionekana rahisi. Ali alikuwa mtu mweusi, Mwislamu, na shujaa wa bara zima la Afrika tangu alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa mnamo Oktoba 30, 1974. Ombi lilimfikia akiwa India kwa shughuli za hisani, na kutoka huko alisafirishwa moja kwa moja hadi Afrika Mashariki.

Hesabu hiyo ilisahau mambo mawili. La kwanza, ni Olimpiki iliyompa Ali mwanzo wake. Huko Roma mwaka wa 1960, akiwa na umri wa miaka 18 na akitumia jina la Cassius Clay, alishinda dhahabu katika uzani wa kilo 81. Sasa alikuwa akiwaomba vijana wa Afrika waache mlango uleule alioupitia yeye.

La pili, Ali ndiye aliyekataa mwaka wa 1967 kuandikishwa jeshini kwa ajili ya vita vya Vietnam. Kwa ajili hiyo alipokonywa taji na kuzuiwa kupigana kwa zaidi ya miaka mitatu, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwondolea hatia mwaka wa 1971. Afrika ilimpenda kwa ngumi zake, lakini ilimheshimu kwa sababu aliwahi kuiambia serikali yake "la". Kumwona akiwa mjumbe wa serikali hiyohiyo kuliwachanganya wengi.

DAR ES SALAAM YAKATAA

Kituo cha kwanza cha safari hiyo kilikuwa Dar es Salaam. Huko mambo yalikwenda mrama. Rais Julius Nyerere alikataa kumwona. Kwa maoni ya Watanzania, suala la uhusiano wa mataifa lilistahili kuletwa na mwanadiplomasia. Kumtuma mwanamichezo kulikuwa ni kuidharau nchi yao na Afrika kwa jumla.

Waandishi wa habari nao walimkabili Ali kwa swali ambalo hakuwa amejiandaa kulijibu. Ilikuwaje Marekani iitake Afrika isusie Olimpiki ya 1980, ilhali Marekani hiyohiyo haikuiunga mkono Afrika iliposusia Olimpiki ya 1976?

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, ni lazima kurejea nyuma kidogo. Mwaka wa 1976, timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini wakati utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa ukiwaua wanafunzi wa Soweto. Mataifa ya Afrika yalidai New Zealand iondolewe katika Olimpiki ya Montreal. Dai hilo lilipokataliwa, zaidi ya mataifa 20 yalijiondoa, Tanzania na Kenya zikiwa miongoni mwayo.

Tanzania ililipa gharama kubwa kwa uamuzi huo. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka wa 1974, hakupata kukutana Montreal na mpinzani wake mkuu, John Walker wa New Zealand. Walker alitwaa dhahabu ya mbio hizo.

Zaidi ya hayo, vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na makao Dar es Salaam, na sehemu ya silaha zao ilitoka kwa Wasovieti. Kwa Mtanzania wa mwaka wa 1980, ombi la Carter lilikuwa sawa na kuombwa amfukuze rafiki kwa ajili ya ugomvi wa mtu mwingine.

Kufikia alipowasili Nairobi, Ali alikuwa amekiri hadharani kwamba hakuwa ameelezwa historia yote kabla ya kutumwa. Alionekana kuwa mtu anayejiuliza iwapo alikuwa akitumiwa. Hata hivyo safari iliendelea, na baada ya Kenya alielekea Afrika Magharibi, akizuru Nigeria, Liberia na Senegal. Nigeria na Senegal hazikushawishika. Zote mbili zilipeleka timu Moscow.

NAIROBI NA SABABU ZAKE

Kenya ilikuwa na hesabu tofauti kabisa. Kwanza, uhusiano wake na Tanzania ulikuwa umeharibika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka wa 1977, na mpaka baina ya nchi hizo mbili ulikuwa umefungwa. Haukufunguliwa hadi mwaka wa 1983. Ali aliruka kutoka nchi moja hadi nyingine ambazo raia wake hawakuruhusiwa kuvuka mpaka kwa basi.

Pili, Kenya ilihofia usalama wake. Somalia ilikuwa imepigana na Ethiopia katika vita vya Ogaden vya 1977 na 1978, na kwa miaka mingi ilikuwa ikidai pia eneo la kaskazini mashariki mwa Kenya. Nchini Uganda, majeshi ya Tanzania yalikuwa bado yamo baada ya kumng'oa Idi Amin mnamo Aprili 1979. Kwa serikali changa ya Moi, iliyokuwa madarakani tangu 1978, rafiki mwenye manowari na fedha hakuwa wa kupuuzwa.

Tatu, Marekani yenyewe iliihitaji Kenya. Baada ya mapinduzi ya Iran na uvamizi wa Afghanistan, Washington ilitafuta bandari na viwanja vya ndege karibu na Ghuba ya Uajemi. Bandari ya Mombasa ilifaa sana kwa kusudi hilo.

Tarehe zenyewe zinajieleza. Februari 20, 1980, siku ambayo muda ambao Carter aliwapa Wasovieti ulikwisha, Rais Moi alikuwa akikaribishwa katika Ikulu ya Marekani mjini Washington. Ilipofika Juni mwaka huohuo, Kenya na Marekani zilitia sahihi mkataba wa kuruhusu majeshi ya Marekani kutumia bandari ya Mombasa na baadhi ya viwanja vya ndege vya Kenya.

Hakuna haja ya kudai kwamba susio la Moscow ndilo lililonunua mkataba huo. Inatosha kusema kwamba yote mawili yalitoka katika kapu moja: Kenya ilikuwa imechagua upande katika Vita Baridi, na Olimpiki ilikuwa mojawapo ya njia za kuonyesha uchaguzi huo. Umaarufu wa Ali haukubadilisha lolote. Pale ambapo serikali ilikuwa imekubali, alipokewa vyema. Pale ambapo ilikuwa imekataa, mlango ulifungwa.

UHUSIANO WA EASTLANDS NA MAREKANI

Katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, Marekani haikuwa nchi ngeni. Kando ya Pumwani na Eastleigh upo mtaa unaoitwa California hadi leo. Klabu ya ndondi ya Muthurwa, katika mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, ilijulikana kwa jina la Dallas. Hata mjini Nakuru, kitovu kingine cha ndondi nchini, ukumbi wa mabondia uliitwa Madison Square Garden, kwa kuiga ule wa New York.

Mtaa wa Umoja nao ulijengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani. Kwa hiyo wapo wakazi wa Eastlands waliolala chini ya paa lililowezekana kwa sababu ya uamuzi uliopitishwa Washington.

Lakini uhusiano mzito zaidi uliletwa na Tom Mboya. Mboya alianza maisha yake ya kazi kama mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji, akaishi katika mtaa wa Ziwani, na baadaye akawawakilisha bungeni wakazi wa Kamukunji hadi alipouawa Julai 1969. Ni yeye aliyeongoza mpango wa kuwasafirisha vijana kwenda vyuo vikuu vya Marekani kwa ndege, ambao kundi lake la kwanza la wanafunzi 81 liliondoka Septemba 1959.

Mpango huo pia ulitegemea watu mashuhuri. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walikuwa miongoni mwa waliouchangisha fedha. Mwaka wa 1960, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Kwa jumla, wanafunzi wapatao 800 wa Afrika Mashariki walinufaika kufikia mwaka wa 1963.

Tofauti baina ya safari hizo mbili ni dhahiri. Mwaka wa 1959, watu mashuhuri wa Marekani walimfungulia kijana wa Kenya mlango. Mwaka wa 1980, mtu mashuhuri kuliko wote alitumwa kumwomba kijana huyo asipite katika mlango uliokuwa wazi.

NANI ALIYELIPA?

Ili kupima hasara hiyo, ni muhimu kufahamu nafasi ya ndondi katika michezo ya Kenya wakati huo. Siku hizi Olimpiki inapotajwa, Mkenya hufikiria wanariadha wa Bonde la Ufa. Lakini katika Olimpiki ya Munich ya 1972, Kenya ilipata medali tisa, na tatu kati ya hizo zililetwa na mabondia: Philip Waruinge alipata fedha, nao Dick Murunga na Samuel Mbugua wakapata shaba.

Yaani thuluthi moja ya medali za taifa ilitoka ulingoni. Na ulingo wa Nairobi haukuwa katika vilabu vya matajiri. Ulikuwa katika kumbi za jamii za mitaa ya Eastlands, ambako kijana asiye na karo wala kazi angeweza kujifunza mchezo kwa kutumia glavu za kuazimana. Kwa wengi wao, ndondi ilikuwa pia njia ya kupata ajira, kwani jeshi, polisi na magereza walikuwa na timu zao na waliwaandika kazi mabondia hodari.

Baada ya Munich, milango miwili ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Kenya haikushiriki Montreal mwaka wa 1976, wala Moscow mwaka wa 1980. Bondia aliyekuwa na umri wa miaka 19 mwaka wa 1973, akianza kuiva, alingoja hadi Los Angeles 1984 akiwa na miaka 30. Katika ndondi za ridhaa, huo ni umri wa kustaafu.

Mfano wa Stephen Muchoki unatosha. Katika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa, yaliyofanyika Havana mwaka wa 1974, Muchoki alifika fainali ya uzani wa kilo 48 na kushindwa na Jorge Hernández wa Cuba. Miaka miwili baadaye, Hernández alitwaa dhahabu ya uzani huo mjini Montreal, wakati Kenya ilikuwa imejiondoa.

Muchoki hakukata tamaa. Mwaka wa 1978 alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade, kisha akashinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Baadaye aliingia ndondi za kulipwa, akapiganie Denmark, na mwaka wa 1982 mjini Copenhagen akashindwa na Santos Laciar wa Argentina walipowania taji la dunia. Bingwa huyo wa dunia hakuwahi kupanda ulingo wa Olimpiki.

Wanariadha nao waliumia. Henry Rono, aliyefariki mwaka wa 2024, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka wa 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Mike Boit alikuwa ameshinda shaba ya mita 800 mjini Munich. Wote wawili walikosa Montreal na Moscow, na Rono hakuwahi kukimbia katika Olimpiki yoyote.

Lipo pia ushahidi wa mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Tangu 1968 hadi 2016, Kenya ilishinda dhahabu ya mbio hizo katika kila Olimpiki iliyohudhuria. Mapengo katika orodha hiyo ni mawili tu: 1976 na 1980.

Marekani iliwaandalia wanariadha wa nchi zilizosusia mashindano mbadala mjini Philadelphia mnamo Julai 1980. Lakini yalikuwa mashindano ya riadha pekee. Bondia hakuandaliwa ulingo. Kwake, kususia kulikuwa kususia tu, bila fidia.

Na Tanzania iliyokataa? Bayi alipata medali ya fedha mjini Moscow katika mbio za kuruka viunzi na maji, naye Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Zilikuwa medali za kwanza za Olimpiki katika historia ya Tanzania. Hadi kumalizika kwa Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024, taifa hilo halikuwa limepata nyingine.

MISINGI NA MEDALI

Ni haki kuuliza iwapo susio la 1976 nalo halikuwaumiza wanamichezo walewale. Liliwaumiza. Waziri wa Mashauri ya Kigeni aliyetangaza msimamo wa Kenya wakati huo, Dkt Munyua Waiyaki, mwenyewe mbunge wa Mathare katika Eastlands, alieleza kwamba kwa Kenya misingi ina thamani kuliko medali.

Tofauti ni kwamba msingi wa 1976 ulikuwa wa Waafrika wenyewe. Kijana wa Kaloleni aliyekosa Montreal angeweza kuambiwa kwamba alijinyima kwa ajili ya watoto wa Soweto, na maneno hayo yangekuwa na ukweli. Aliyekosa Moscow aliambiwa kwamba alijinyima kwa ajili ya Afghanistan, wakati ambapo waliomwomba hawakuwa tayari kujinyima kwa ajili ya Soweto.

Jambo jingine ni mamlaka ya kuamua. Kwa mujibu wa kanuni za Olimpiki, anayepeleka timu ni kamati ya kitaifa ya Olimpiki, wala si serikali. Nchini Uingereza, Waziri Mkuu Margaret Thatcher alitaka Moscow isusiwe, lakini chama cha Olimpiki cha nchi hiyo kilikataa na kupeleka timu. Kamati ya Marekani yenyewe ilipiga kura Aprili 1980 kukubali ombi la Carter, baada ya kushinikizwa sana.

Nchini Kenya, mjadala wa namna hiyo haukuwa rahisi. Timu za taifa zilitegemea fedha za serikali, na wengi wa mabondia bora walikuwa askari au wafanyakazi wa umma. Serikali iliposema hapana, hakuna aliyekuwa na nauli ya kusema ndiyo.

KUTOKA LOS ANGELES HADI LAS VEGAS

Mwaka wa 1984 mambo yaligeuka. Olimpiki ilikwenda Los Angeles, na safari hii Wasovieti ndio waliosusia, wakifuatwa na washirika wao kama vile Cuba na Ethiopia. Kenya ilikwenda. Ilirudi na medali tatu: dhahabu ya Julius Korir katika kuruka viunzi na maji, shaba ya Mike Musyoki katika mita 10,000, na shaba ya bondia Ibrahim Bilali katika uzani wa kilo 51.

Mwaka huohuo ukame ulikumba Kenya, na mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka Marekani yakafika madukani. Wakazi wa Nairobi walioyala bado hukumbuka ugali wa rangi hiyo. Urafiki wa mataifa hufika jikoni kwa namna zake.

Kilele cha ndondi za Kenya kilikuja Seoul mwaka wa 1988. Robert Wangila, kijana mzaliwa wa Nairobi, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa kilo 67. Ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo bondia wa Kenya amewahi kushinda. Chris Sande aliongeza shaba, na tangu siku hiyo Kenya haijapata medali nyingine ya ndondi katika Olimpiki.

Kama Ali baada ya Roma, Wangila aliingia katika ndondi za kulipwa nchini Marekani. Biashara hiyo ilikuwa imenawiri katika miaka ya 1980, makao yake yakiwa hoteli za kamari za Las Vegas. Ali mwenyewe, miezi minane tu baada ya safari yake ya Afrika, alipigwa vibaya na Larry Holmes katika mji huo mnamo Oktoba 2, 1980, katika pigano ambalo wengi waliona hakupaswa kuruhusiwa kupigana.

Wangila hakuwa na bahati ya kurudi nyumbani akiwa mzima. Alizimia baada ya kupigana na David Gonzalez mjini Las Vegas mnamo Julai 22, 1994, akafariki siku mbili baadaye akiwa na umri wa miaka 26.

Ali alipata heshima ya mwisho ya Olimpiki mwaka wa 1996 mjini Atlanta. Akitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, aliwasha mwenge wa michezo, na akakabidhiwa medali mpya mahali pa ile ya Roma iliyokuwa imepotea. Alifariki Juni 2016. Carter alifuata Desemba 2024, naye Moi alikuwa ametangulia Februari 2020.

Majeshi ya Wasovieti hayakuondoka Afghanistan kwa sababu ya susio hilo. Yalikaa hadi Februari 1989. Wakati huo, bondia wa Eastlands aliyekuwa akijiandaa kwa Moscow akiwa na miaka 22 alikuwa ametimiza 31, pengine akiwafunza watoto wa wenzake katika ukumbi uleule wa jamii.

Medali iliyopotea inaweza kutengenezwa upya, kama ya Ali ilivyotengenezwa. Ambayo haikuwahi kupiganiwa haina pa kuanzia. Ndiyo maana, kila mara wito wa kususia michezo unaposikika, swali la kwanza ambalo Mkenya ana haki ya kuliuliza si umaarufu wa mjumbe aliyetumwa, bali ni nani atakayebaki nyumbani, na iwapo ameulizwa.